Kuruka Bila Kupaa: Mashine Zilizofundisha Urubani Ardhini

Mwaka 1920 kijana wa Kimarekani aitwaye Edwin Link alilipa dola 50 huko California ili afundishwe kurusha ndege. Mwalimu alimpandisha, akaipindua ndege, akaizungusha, akapita chinichini juu ya kila kilichosimama, na baada ya karibu saa nzima akaishusha. Link hakupewa nafasi ya kugusa usukani hata mara moja. Fedha zilikwenda, saa ikaisha, na ujuzi alioufuata hakuupata.

Mimi ninafundisha urubani katika Uwanja wa Wilson, Nairobi, na kila nikikisoma kisa hicho ninawaona wanafunzi wangu. Saa moja ya Cessna 172 ni mafuta, bima, matengenezo, ada za uwanja na mshahara wa mwalimu, na hesabu inaanza injini inapowaka. Dakika ambayo mwanafunzi anatafuta kipima mwinuko kiko wapi, mzazi wake anailipia sawasawa na dakika ya kutua. Nimewaona wazazi waliouza kiwanja ili mtoto afike nusu ya safari ya leseni, kisha akae nyumbani kusubiri nusu ya pili.

Kwa hiyo ninayoisimulia hapa ni historia ya swali, zaidi ya historia ya vifaa. Ni sehemu gani ya urubani inayoweza kufundishwa kabla mwanafunzi hajaanza kulipia anga? Swali hilo lilianzia katika karakana ya vinanda, likapita vitani na chuo kikuu, na leo limefika sebuleni, kwenye kompyuta ambayo kijana anaitumia pia kuandika kazi za shule. Wazee wengi wa kazi yetu wanaiita ya sebuleni mchezo. Vijana wengi wanaiita urubani. Ukiifuata historia yenyewe utaona kwamba pande zote mbili zimekosa kitu.

Karakana ya vinanda

Baba yake Link alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda vikubwa katika mji wa Binghamton, jimbo la New York. Vinanda hivyo viliendeshwa kwa hewa: pampu inavuta, vali zinafunguka na kufunga, mivukuto ya ngozi na kitambaa inajaa na kunywea. Kijana aliyekulia humo alijua jinsi kidole kinavyogusa kitu hapa na hewa ikasukuma kitu kingine kule.

Kati ya mwaka 1927 na 1929, katika chumba cha chini cha kiwanda hicho, Link aliunda ndege fupi ya mbao yenye mabawa madogo, akaiweka juu ya mivukuto. Mwanafunzi akisukuma usukani mbele, vali zinapitisha hewa na pua ya mashine inainama. Akikanyaga pedali, mashine yote inageuka juu ya kitako chake. Hataza yake ilitolewa mwaka 1931. Alitaka kuuza kitu kimoja tu: mtu ajizoeze usukani na pedali bila kuchoma petroli.

Shule za urubani hazikuvutiwa. Walionunua mwanzoni walikuwa wenye viwanja vya burudani, ambako watu walilipa sarafu wakatikiswa kidogo na kushuka wakicheka. Kwa miaka kadhaa mashine iliyokusudiwa kupunguza gharama ya kujifunza ilibaki kuwa burudani ya jioni. Watu wa ndege walikuwa na hoja ya kweli: rubani, walisema, hujulikana kwa anavyoihisi ndege kwa mwili wake, na mashine ya mbao haina hisia hiyo.

Ukungu ulivyobadilisha mawazo

Hoja hiyo ilivunjwa na mawingu. Ndani ya sikio la binadamu kuna mifereji midogo yenye majimaji ambayo hutuambia tunapogeuka. Ndege ikikata kona kwa utulivu kwa muda, majimaji hayo yanatulia, na mwili unaamini kwamba ndege imenyooka. Rubani anayeiona ardhi husahihishwa na macho yake. Aliye ndani ya wingu hana wa kumsahihisha. Akinyoosha mabawa kweli, mwili unamwambia amelalia upande wa pili, naye anairudisha ndege kwenye kona ileile, kona inakaza, pua inashuka, mwendo unapanda.

Mwaka 1926 afisa wa jeshi la Marekani, William Ocker, aliketishwa kwenye kiti cha kuzunguka na daktari aliyekuwa akimpima huko San Francisco. Alipofumbwa macho hakuweza kusema anazunguka upande gani. Alirudi na kisanduku chenye kifaa cha kuonyesha kona, akatazama humo huku akizungushwa, na safari hiyo akajibu sawasawa. Tarehe 24 Septemba 1929, Jimmy Doolittle aliruka na kutua katika uwanja wa Mitchel, New York, akiwa amefunikwa asione nje, akitegemea vyombo peke yake. Ndani ya miaka hiyo michache hisia ya mwili, ile fahari ya marubani wa kwanza, ilionyeshwa kuwa shahidi wa uongo ndani ya wingu.

Jeshi lenyewe lilichelewa kulipokea somo hilo. Februari 1934 serikali ya Rais Roosevelt ilivunja mikataba ya kampuni za ndege zilizobeba barua na kulikabidhi jeshi la anga kazi hiyo, katikati ya majira ya baridi, kwa marubani ambao wengi hawakuwa wamezoea kuruka usiku wala ndani ya mawingu. Ndege zilianguka wiki baada ya wiki, na zaidi ya marubani 10 wakafa kabla kazi hiyo haijarudishwa kwa kampuni.

Wakati huo maofisa walikubaliana kukutana na Link katika uwanja wa Newark. Siku ya miadi ukungu ulifunika uwanja, nao wakaona hakuna atakayefika. Link akatokea angani kutoka Binghamton, akatua, akashuka. Alikuwa amejizoeza kuruka kwa vyombo, na mashine yake ya mivukuto sasa ilikuwa na vyombo hivyo. Jeshi lilinunua mashine 6, kila moja kwa dola 3,500.

Hapo ndipo ninapowataka wenzangu waalimu watulie kidogo. Mashine haikununuliwa kwa sababu imeigiza hisia za kuruka. Ilinunuliwa kwa sababu ilifundisha kutozifuata. Mwanafunzi alifungiwa ndani ya kifuniko, akabaki na sindano na namba. Nje, mwalimu alikaa mezani akiwa na vipimo vilevile, na juu ya ramani yake kifaa chenye magurudumu matatu, kilichoitwa kaa, kilitambaa kikichora kwa wino njia yote ambayo mwanafunzi "ameruka". Mwalimu alimpigia pia milio ya redio ya njia za anga za wakati ule: upande mmoja wa njia herufi A ya Morse, upande mwingine herufi N, na katikati milio miwili ikiungana kuwa mmoja usiokatika. Somo likiisha, wawili hao walikaa juu ya ule mstari wa wino na kuulizana: hapa ulikuwa unatazama nini?

Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, mashine ya Link, iliyojulikana kama kisanduku cha buluu, ilitengenezwa kwa maelfu, zaidi ya 10,000, na wanahewa wa Marekani wapatao nusu milioni walipitia humo. Kile kilichokuwa burudani ya sarafu kikawa mlango wa lazima. Mivukuto yake haikuwa imebadilika sana. Kilichoongezeka ni vyombo vya kusomwa, mwalimu wa kuuliza na mstari wa wino wa kujadiliwa.

Sekunde 178

Baada ya vita swali letu lilihamia kwenye mashamba ya mahindi ya Illinois. Chuo Kikuu cha jimbo hilo, katika miji pacha ya Urbana na Champaign, kilikuwa na taasisi ya urubani yenye uwanja wake wa ndege, na mwaka 1946 mwanasaikolojia Alexander Williams alianzisha hapo maabara ya kuchunguza jinsi marubani wanavyojifunza.

Utafiti mmoja wa chuo hicho, uliochapishwa mwaka 1954, ninauhadithia kwa kila darasa langu. Marubani 20 wasiokuwa na mafunzo ya vyombo waliwekwa mmoja mmoja katika ndege ya kweli, Beechcraft Bonanza, wakazuiwa kuona nje, mwalimu wa usalama akiwa pembeni yao. Wote 20 walipoteza udhibiti. Kumi na tisa waliingia katika ile kona inayokaza na kushuka, mmoja akaivuta pua juu hadi hewa ikaacha kubeba mabawa. Kwa wastani ilichukua sekunde 178. Hazifiki dakika tatu.

Ila watafiti hawakuishia kwenye kuogofya. Waliwafundisha watu haohao utaratibu mfupi: punguza mwendo, iweke ndege itulie yenyewe, achia usukani wa mkono, geuza kwa pedali huku ukitazama kifaa cha kona, rudi ulikotoka. Baada ya mafunzo, karibu kila jaribio lilifaulu. Ujuzi mdogo, uliopangwa vizuri na kurudiwa, ulisimama kati ya rubani na zile sekunde.

Katika chuo hichohicho mtafiti Stanley Roscoe aliliuliza swali la Link kwa hesabu. Saa moja kwenye mashine inaokoa dakika ngapi za ndege? Mwaka 1971 alieleza kwamba jibu halibaki palepale. Saa ya kwanza kwenye mashine huokoa nyingi, kwa sababu mwanafunzi hajui chochote. Saa ya pili huokoa pungufu, ya tatu pungufu zaidi, mpaka inafika mahali ambapo kuendelea kukaa kwenye mashine hakuokoi kitu. Kwa msimamizi wa shule hiyo ni hesabu ya fedha. Kwa mwalimu ni agizo: mashine itangulie, na ijulikane pa kuiachia.

Chicago kwenye kioo

Mei 1975, mwanafunzi wa uhandisi wa umeme chuoni hapo, Bruce Artwick, ambaye pia alipenda sana kuruka, aliwasilisha tasnifu kuhusu kuonyesha mwendo wa ndege kwenye kioo cha kompyuta. Miaka miwili baadaye yeye na mwenzake Stu Moment walianzisha kampuni ya subLOGIC, na mwaka 1980 programu yao ikauzwa kwa wenye kompyuta ndogo ya Apple II. Ilikuwa na mistari mitupu ya ardhi ya mraba, milima ya pembe chache, na picha zilizobadilika mara tatu au nne tu kwa sekunde. Hata hivyo ukivuta usukani bila kuongeza nguvu, mwendo ulipungua. Ukiuvuta zaidi, ndege iliacha kupanda na ikaanguka. Kanuni za hewa zilikuwa ndani.

Novemba 1982 Microsoft ilitoa toleo lake kwa kompyuta za IBM. Ndege ilikuwa Cessna 182, nchi ilikuwa sehemu nne za Marekani, na kila safari ilianzia Meigs Field, uwanja mdogo wa Chicago uliokuwa kando ya Ziwa Michigan, wenye njia moja ya karibu futi 3,900.

Mimi niliufahamu uwanja huo kabla sijaifahamu Nairobi. Nilikulia Changamwe, Mombasa, ambako ndege zinazotua uwanja wa Moi hupita juu ya mapaa yetu. Mjomba wangu alikuwa na ofisi ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, na Jumamosi mchana kazi ikiisha aliniachia kompyuta yake iliyokuwa na toleo liitwalo 98 la programu hiyo. Ukiiwasha tu, uko Meigs: ziwa mkono mmoja, majumba marefu mkono mwingine. "Fanya unavyotaka, mwanangu," alikuwa akisema, "lakini uniambie umejifunza nini." Sijui kama alielewa uzito wa sharti hilo. Lilinilazimu kila Jumamosi niwe na jibu moja kabla ya kufunga ofisi: leo nimejua kwa nini sindano ya dira inachelewa kwenye kona; leo nimejua kwamba pua inashikilia mwendo na injini inashikilia mwinuko ninaposhuka kutua.

Usiku wa tarehe 30 Machi 2003, kwa amri ya meya wa Chicago, Richard Daley, matingatinga yaliingia Meigs na kuchimba alama kubwa za X katikati ya njia. Ndege zilizokuwa zimeegeshwa zilikwama humo. Wengi duniani walioomboleza uwanja huo hawakuwahi kuukanyaga. Kizazi kizima kilijifunza kushika usukani katika mahali hapo, na mimi ni mmoja wao.

Wakati Microsoft ikiuza kwa wingi, rubani mmoja wa Carolina Kusini, Austin Meyer, alikuwa na haja nyingine. Alikuwa na ruhusa ya kuruka kwa vyombo na ujuzi wake ulikuwa umeshika kutu. Aliandika programu ya kujinoa mwenyewe, ambayo ilikua na kutolewa mwaka 1995 kwa jina la X-Plane. Programu hiyo hugawa bawa katika vipande vidogo na kukokotoa nguvu ya hewa kwenye kila kipande, mara nyingi kwa sekunde. Kwa mara nyingine tena, aliyeisukuma kazi mbele alikuwa mtu aliyehitaji mazoezi kwa ajili yake mwenyewe.

Mchezo unapewa cheti

Kama ilivyokuwa kwa kisanduku cha buluu, kompyuta ya nyumbani ilidharauliwa kwanza, ikapimwa baadaye. Katika miaka ya 1990 timu ya Henry Taylor, palepale Illinois, iliwagawa wanafunzi wa kuruka kwa vyombo: wengine walianza kila somo jipya kwenye kompyuta yenye usukani na pedali, wengine walifunzwa ndani ya ndege peke yake. Kompyuta iliokoa muda wa ndege pale ilipotumiwa kuanzisha jambo jipya. Pale ilipotumiwa kurudia jambo ambalo mwanafunzi ameshalijua, faida ilikuwa ndogo. Ni yale aliyoyasema Roscoe, yamerudi kwa chombo cha bei rahisi.

Mwaka 1997 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilikubali kwamba saa zisizozidi 10 za mafunzo ya vyombo zifanyike kwenye kompyuta iliyoidhinishwa. Masharti yalikuwa makali: vishikio vya kweli badala ya kibodi, na mwalimu mwenye leseni awepo. Leo sheria ya huko inadai saa 40 za vyombo kwa ruhusa hiyo, na inaruhusu hadi 10 kwenye kifaa cha daraja la msingi au 20 kwenye cha daraja la juu. Watafiti wa Illinois walirudi pia kupima marubani waliokwishapata ruhusa na wanaohitaji kuthibitisha kwamba hawajasahau. Waliojizoeza kwenye kompyuta hawakuwa nyuma ya waliojizoeza ndani ya ndege.

Jeshi la Wanamaji la Marekani nalo, mwishoni mwa miaka ya 1990, lilianza kuwapa wanafunzi wake programu ya Microsoft iliyorekebishwa ifanane na ndege yao ya mafunzo, baada ya mwanafunzi mmoja aliyejitengenezea mazoezi hayo nyumbani kufanya vizuri sana angani. Hakuwa anazurura kwenye kioo. Aliyachora mazingira ya uwanja wake wa mafunzo, akarudia somo la kesho kabla ya kesho kufika.

Hii ndiyo hoja yangu, na ninaisema bila kuficha. Tangu mwaka 1934 hadi leo, kilichoufanya mchezo uwe mafunzo hakikuwa ubora wa picha. Ni swali linalotangulia na mtu anayeuliza baadaye. Kisanduku cha buluu hakikuwa na picha yoyote ya nje, na kilifundisha nusu milioni. Programu iliyotolewa Agosti 2020, iliyoundwa na Asobo Studio ya Bordeaux kwa ajili ya Microsoft, inamwonyesha kijana vilima vya Ngong kutokana na picha za setilaiti, na bado anaweza kupita juu yake mwaka mzima asijifunze lolote.

Wanaofika Wilson

Wanafunzi waliotoka kwenye kompyuta ninawatambua mapema. Wanasoma orodha ya ukaguzi bila kurukaruka mistari. Wengi wao wamekuwa wakiongea na waongozaji wa hiari kwenye mtandao wa VATSIM, ulioanza mwaka 2001, kwa hiyo redio haiwatishi: wanajua kusikiliza kwanza, kutaja jina la ndege, kurudia agizo. Sindano za kufuatia njia za anga, ambazo zamani zilinigharimu masomo mengi ya ubao, wao wanazielewa kwa sababu wameshaziona zikisogea.

Kisha tunaondoka njia ya 14, na upungufu unajitokeza kwa mpangilio uleule. Miguu imelala, kwa kuwa nyumbani hawakuwa na pedali, na injini inapovuta pua upande wa kushoto hakuna anayeizuia. Mkono unakaza usukani, kwa sababu usukani wa mezani hauna uzito wa kuwaambia ndege inataka nini. Na macho hayatoki ndani. Mwanafunzi mmoja kutoka Kayole alishika mwinuko vizuri kuliko baadhi ya wenye leseni, lakini ndege nyingine ilipita mbele yetu juu ya mbuga asiione. Nilichukua karatasi nikafunika vipimo vyote isipokuwa cha mwendo.

"Mwalimu, sasa nitajuaje niko sawa?" aliuliza.

"Tazama pua na upeo wa macho," nikamwambia. "Ukibadilika umbali kati yao, kitu kimebadilika."

Alihitaji masomo kadhaa kuzoea. Mazoea yana taabu, na kompyuta hujenga mabaya haraka kama inavyojenga mazuri. Tangu hapo kila mwanafunzi anayeniambia ana simuleta nyumbani ninampa kazi mapema: nunua pedali kabla ya kioo kikubwa, usibonyeze kitufe cha kusimamisha, na unaporuka kwa macho ficha vipimo. Kutua simwachii kabisa. Mita za mwisho juu ya njia husomwa kwa pembe za macho na kwa makalio, na kioo bapa hakina hayo.

Kuna masomo mawili, kwa upande mwingine, ambayo ninaona kompyuta inayafundisha kuliko nilivyoweza mimi. La kwanza ni hewa nyepesi. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari. Ninamwagiza mwanafunzi apakie Cessna hiyohiyo mizigo ileile, aondoke Mombasa, kisha aondoke Wilson mchana wa joto, na aandike ametumia njia ndefu kiasi gani na anapanda kwa kasi gani. Akija na daftari lake, jedwali la kitabu cha ndege ambalo alikuwa akilikariri tu linakuwa jambo alilolishuhudia. Angani halisi singeweza kumfikisha kwenye tofauti hiyo bila kumlipisha safari ya pwani.

La pili ni lile la sekunde 178. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu ya chini hukaa juu ya Nairobi asubuhi, na vilima vya Ngong, vinavyopita futi 8,000, husimama upande wa magharibi, njia ya kwenda Mara. Ninamwambia mwanafunzi aweke wingu hilo kwenye kompyuta, aelekee Ngong, aingie ndani, na ageuke nyuzi 180 kwa vyombo hadi atoke alikoingilia. Airudie kama mtoto wa chuoni anavyorudia sura, mpaka mikono ifanye bila kuulizwa. Kisha, darasani, ninamweleza sehemu ambayo nyumbani hakuipata: kwenye kiti cha sebuleni sikio halidanganyi. Ndani ya wingu la kweli atafanya utaratibu huohuo huku mwili wote ukimpigia kelele kwamba amekosea. Baadaye tunapanda, namvika kifuniko cha macho, namgeuza taratibu mpaka majimaji ya sikio yatulie, nampa usukani. Aliyekuja na mazoezi anapambana na mwili wake tu. Asiyekuwa nayo anapambana na mwili na vipimo kwa pamoja, na fedha zake zinaisha akiwa bado anatafuta kipi kiko wapi.

Lililobaki kwetu

Saa za sebuleni haziandikwi kwenye kitabu cha rubani, na sitaki ziandikwe. Faida yake inaonekana kwenye saa zinazoandikwa: katika dakika ambazo mwanafunzi hahitaji tena kuuliza, na masomo ambayo hayarudiwi mara nne. Kwa familia iliyouza kiwanja, hiyo ni tofauti kati ya leseni na nusu ya leseni.

Ninachokiomba kwa shule za Wilson, na kwa wenzetu wa Dar es Salaam na Soroti, si kikubwa. Kila shule itenge chumba chenye kompyuta moja ya kutosha, usukani na pedali, kiwe wazi kwa mwanafunzi kabla ya somo na si baada yake. Kila somo la angani liwe na karatasi yake ya maswali ya kutangulia. Na mwalimu akae dakika chache kuyasikiliza majibu, kama waalimu wa kisanduku cha buluu walivyokaa juu ya mstari wa wino, maana bila hilo tutakuwa tumenunua burudani. Vijana wasio na kompyuta nyumbani, ambao ndio wengi, watakuwa na pa kuanzia, na wenye nazo watakuwa na wa kuwarekebisha.

Utafiti wa jambo hili una zaidi ya nusu karne, na bei ya vifaa imeshuka hadi chini ya gharama ya saa chache za ndege. Hatuna tena sababu ya kumpandisha mwanafunzi angani akajifunze kusoma kipima mwinuko. Hilo lifanyike chini, kwa utulivu, na mafuta tuyaweke kwa yale ambayo anga peke yake inaweza kuyafundisha.